Akiba Inayooza: Betri ya Kipakatalishi na Utafiti wa Fasihi Simulizi Butere

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Methali hii imedumu vizazi na vizazi, na hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyeijua. Hata hivyo, ipo akiba moja ambayo wahenga hawakuwahi kuiona na ambayo, kinyume na kauli yao, huoza hata ikifungiwa kabatini. Akiba hiyo ni umeme uliomo ndani ya betri ya kipakatalishi. Mwanafunzi wa leo anayekwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi huitegemea mno akiba hii, lakini mara nyingi huondoka chuoni bila kufundishwa namna ya kuitunza. Makala hii inashikilia kwamba matumizi ya uangalifu ya umeme wa kipakatalishi ni sehemu ya mbinu za utafiti, kwamba yanastahili kufundishwa pamoja na mbinu hizo, na kwamba lugha ifaayo kuwafundishia wanafunzi wa Kiswahili ni Kiswahili chenyewe.

Mfano wa Butere, katika Kaunti ya Kakamega, unatosha kulidhihirisha jambo hili. Butere ndiko inakokomea reli ya tawi itokayo Kisumu, na si mahali pageni katika historia ya fasihi ya Kenya. Marehemu Grace Ogot alisomea huko, na mwaka 2025 tamthilia ya wasichana wa Butere, Echoes of War, ilizungumziwa nchi nzima. Pamoja na hayo, hazina iliyo kubwa zaidi bado haijaandikwa. Imo vinywani mwa Wamarama, mojawapo ya jamii za Waluhya: hadithi, vitendawili, methali, nyimbo za harusi na nyimbo za matanga. Mwaka 2014 ngoma ya isukuti ya jirani zao Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Ikiwa ngoma inayosikika hadi katika sherehe za kitaifa imehesabiwa kuwa hatarini, basi hali ya hadithi inayojulikana na ajuza mmoja wa Manyala au Lunza haihitaji kuelezwa.

Huenda msomaji akauliza: kipakatalishi ni cha nini, ilhali simu inaweza kurekodi sauti? Ni kweli kwamba simu hurekodi, na hurekodi vyema. Kazi ngumu huanza baada ya kurekodi. Simulizi hunakiliwa neno kwa neno, hutafsiriwa kwa Kiswahili, kisha hufafanuliwa. Programu kama Audacity na ELAN, ambazo hupatikana bila malipo, humwezesha mtafiti kusikiliza kipande kimoja mara kumi na kuandika maneno yake sambamba na sauti. Kazi hiyo hufana zaidi fanani akiwa ameketi papo hapo. Neno la Kimarama ambalo vijana wamelisahau hufafanuliwa na yeye aliyelitamka. Mtafiti akirudi chuoni na neno hilo bila maana yake, maktaba nzima haitamfaa kitu. Kwa hiyo, kila saa ya uhai wa betri ni saa moja ya kauli ya mzee.

Saa hizo hazipatikani kwa urahisi. Wazee wengi hupata nafasi ya kusimulia jioni, baada ya kutoka shambani. Aidha, Kakamega ni eneo la mvua za alasiri zenye ngurumo na radi, na mti uliolalia waya wa umeme unaweza kukiacha kijiji gizani hadi kesho yake. Wala adha ya kukatika kwa umeme haiwahusu watu wa mashambani peke yao. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi haukusalimika.

Msomaji na amfikirie basi mwanafunzi aliyeketi na fanani mwenye umri wa miaka themanini. Fanani amefika mahali zimwi linapobisha hodi, hadhira ya wajukuu imenyamaza, mwanafunzi ananakili. Ghafla kipakatalishi kinazima. Fanani anaweza kuombwa arudie kesho, naye kwa ukarimu wake akakubali. Lakini kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anafahamu kwamba utendaji haurudiwi ukawa uleule. Kesho wajukuu watakuwa shuleni, sauti ya fanani itakuwa imechoka, na wimbo uliokuwa katikati ya hadithi utaachwa. Kilichopotea hapo ni matini, na matini ndiyo kiini cha taaluma hii.

Hesabu ya betri si ngumu. Uwezo wake hupimwa kwa wati-saa, yaani kiasi cha umeme kinachotumika wati moja ikitumika kwa muda wa saa moja. Betri ya wati-saa 50 katika mashine inayotumia wati 20 itadumu saa mbili na nusu. Mashine ileile ikipunguziwa matumizi hadi wati 10, betri itadumu saa tano. Betri ni ileile na mashine ni ileile. Kilichobadilika ni mipangilio. Saa mbili na nusu zilizoongezeka zinaweza kutosha kumaliza hadithi, kuuliza maana ya maneno na kumsomea fanani yaliyoandikwa ili ayasahihishe.

Mlaji wa kwanza wa umeme, hasa katika kazi ya kuandika, ni skrini. Kupunguza mwangaza wake hadi kiwango ambacho macho yanasoma bila taabu ni hatua ya kwanza na yenye faida kubwa. Ndani ya nyumba iliyoingia kiza jioni, mwangaza mdogo hutosha. Mlaji wa pili ni prosesa, ambayo hufanyishwa kazi na programu zisizohitajika: kivinjari chenye kurasa ishirini, programu ya kukinga virusi inayokagua diski nzima, na masasisho yanayojipakua bila kuulizwa. Masasisho na ukaguzi huo vinafaa kukamilishwa chuoni, mashine ikiwa imechomekwa kwenye umeme. Nyanjani, intaneti na bluetooth na vizimwe, maana kipakatalishi kinachotafuta mtandao usiokuwepo hupoteza umeme bure. Vilevile, diski za nje zichomolewe baada ya kutumika, na simu isichajiwe kutoka katika kipakatalishi. Huko ni kumnyang'anya mzee chakula ukampa kijana.

Jambo jingine ni namna ya kuipumzisha mashine, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao haujatumiwa ipasavyo. Kipakatalishi kina usingizi wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, skrini huzima lakini kazi iliyokuwa ikifanywa hubaki katika kumbukumbu inayohitaji umeme kidogo kila wakati. Mashine huamka upesi, ila betri huendelea kupungua. Katika aina ya pili, kazi yote huandikwa kwenye diski na mashine huzimika kabisa. Kuamka huchukua muda zaidi, lakini umeme hautumiki. Watumiaji wengi hawatofautishi hali hizi, nao hufunga kifuniko usiku wakidhani mashine imezimika, kisha asubuhi hukuta betri imepungua sana. Mswahili humwambia mtu aliyefumba macho kidogo kwamba anasinzia, na aliyelala asijue la mwadhini wala la mteka maji maskani kwamba amelala usingizi wa pono. Basi hali ya kwanza na iitwe kusinzia, na ya pili iitwe usingizi wa pono. Mwanafunzi aliyeambiwa hivyo hatasahau: wakati wa kumpisha fanani anywe chai, mashine na isinzie, wakati wa kulala, na ilale usingizi wa pono.

Kuhusu programu za kuokoa umeme, tahadhari inahitajika. Zilizo bora kwa kawaida huja na mfumo wenyewe. Windows ina mpangilio wa kuokoa betri ambao hujiwasha akiba inapopungua, na ambao mtumiaji anaweza kuuwasha tangu mwanzo wa kazi. Kompyuta za Apple zina mpangilio kama huo tangu mwaka 2021. Wanaotumia Linux wana TLP, ambayo hupanga matumizi ya umeme yenyewe, na PowerTOP, ambayo humwonyesha mtumiaji programu na vifaa vinavyotumia umeme zaidi. Kwa upande mwingine, kuna programu zinazonadiwa kwamba zitaongeza maradufu uhai wa betri kwa kubofya mara moja. Programu ya aina hiyo, kwa kuwa yenyewe haiachi kufanya kazi, huwa mlaji mwingine mezani, na wakati mwingine huwa mwizi wa siri za mtumiaji. Haifai kupakuliwa.

Hapa ndipo pa kurejea kwenye methali. Betri za lithiamu, ambazo wavumbuzi wake watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, huchakaa kwa kutumika na kwa kukaa tu. Adui zake wakubwa ni joto na kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa pomoni au zimekauka kabisa. Wapo wanaoshauri kwamba betri lazima imalizwe kabisa kabla ya kuchajiwa. Ushauri huo ulihusu betri za nikeli za zamani. Kwa betri za lithiamu una madhara. Vipakatalishi vingi vya kisasa huruhusu kuweka kikomo cha kuchaji, kwa mfano asilimia 80, kwa siku ambazo mashine inashinda imechomekwa. Siku ya kwenda nyanjani kikomo hicho huondolewa, betri ikajazwa asubuhi hiyo. Pia mashine isiwekwe juu ya godoro, kwa kuwa godoro huziba matundu ya hewa, wala isiachwe ndani ya gari lililoanikwa juani.

Suala hili lina uzito zaidi kwa sababu wanafunzi wengi hununua vipakatalishi vilivyokwisha kutumika ng'ambo. Betri iliyotengenezwa kwa wati-saa 50 huenda sasa inabeba 25 tu, na mnunuzi asijue. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport huandaa ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Ni kazi ya dakika moja, na ingefaa ifanywe kabla ya fedha kutolewa mfukoni, na tena kabla ya kupanda matatu kuelekea Butere.

Kuna watakaopinga kwamba haya ni mambo ya wahandisi, na kwamba mwanafasihi ana kazi yake. Hoja hii haina mashiko. Mwanafasihi wa zamani hakuwa fundi wa karatasi, lakini alijua kwamba karatasi huharibiwa na maji. Wengine watasema kwamba suluhisho ni nishati ya jua. Nishati hiyo ni neema, lakini mitambo midogo inayopatikana katika nyumba nyingi za mashambani imekusudiwa taa na simu. Kipakatalishi huhitaji nguvu kubwa zaidi. Wapo pia watakaosema kalamu na daftari vingalipo. Hao wanasema kweli, na mtafiti mwenye busara hatavisahau. Hata hivyo, kalamu haiwezi kumrudishia msikilizaji sauti ya fanani.

Limebaki suala la lugha. Kwa muda mrefu wapenzi wa Kiswahili wamejadiliana iwapo mashine hii iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo una manufaa yake, lakini jina bila maelezo ya matumizi ni kama ufunguo usio na mlango. Msingi wa kazi kubwa zaidi uliwekwa zamani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na katika muongo huohuo Microsoft ilitoa kiolesura cha Kiswahili kwa ajili ya Windows XP. Leo mwenye simu ya Android iliyowekwa katika Kiswahili hukutana na maneno "Kiokoa Betri", na huyaelewa bila kamusi. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili huweza kuandika tasnifu nzima kwa Kiswahili juu ya mashine inayomwonya kwa Kiingereza kwamba umeme unakwisha.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili zingefanya vyema kutenga kipindi kimoja katika somo la mbinu za utafiti kwa ajili ya matunzo ya vifaa vya nyanjani, betri ikiwa mojawapo. Vyama vya wanafunzi navyo vinaweza kuandaa mwongozo mfupi wa Kiswahili, wa ukurasa mmoja, unaobandikwa ndani ya kifuniko cha daftari la nyanjani. Kazi ya istilahi iliyomo humo pekee ingetosha kuwa zoezi la darasa zima. Hakuna linalohitaji fedha nyingi. Linalohitajika ni mtu wa kuanza.

Akiba ya betri huoza, na akiba ya fanani nayo haidumu milele, kwa kuwa mzee huondoka na aliyoyajua. Zinapokutana jioni moja chini ya paa moja, ni wajibu wa mtafiti kuhakikisha kwamba ile ya kwanza haiishi kabla ya hadithi kufika mwisho.