NANI ALIPE DAWA YA MTU MZEMBE?



Katika mkutano wa tawi uliopita, tulipokuwa tukizungumza habari ya pesa zinazokatwa katika mishahara yetu kwa ajili ya matibabu, ndugu mmoja alisimama akauliza swali. Wengine walicheka, lakini sisi wa kamati hatukucheka. Alisema, "Mimi silewi, sivuti sigara, nalala mapema. Jirani yangu anakesha baa mpaka alfajiri. Akiugua, kwa nini atibiwe kwa jasho langu?" Mwenyekiti alimwambia kwamba swali lake litajibiwa katika gazeti hili. Basi hili ndilo jibu, na ye yote asiyeridhika nalo aje aseme mbele ya wote.

Tutajibu kwa habari za nchi ya mbali, nchi ya Thailand. Tunafanya hivyo kwa sababu mabwana wakubwa wanaotusifia matibabu kwa watu wote huitaja nchi hiyo kama mfano, na pia kwa sababu swali la ndugu yetu liliulizwa huko na taifa zima wakati wa Korona.

Ijulikane kwanza jinsi Wathai wanavyolipia hospitali. Mpaka mwaka 2001 mamilioni ya wakulima na vibarua hawakuwa na kinga yo yote. Mtu akiugua, familia iliuza ng'ombe au shamba. Mwaka 2002 sheria ilipitishwa ya kumpa kila raia matibabu kutoka mfuko wa serikali, na mgonjwa alitoa baht 30 tu kila aendapo hospitali. Mmoja wa waliolisukuma jambo hilo kwa miaka mingi alikuwa daktari, Sanguan Nitayarampong, ambaye aliwahi kufanya kazi katika hospitali ya mashambani na kuona umaskini kwa macho yake. Serikali ya Thaksin Shinawatra ililichukua shauri hilo na kulishindia uchaguzi. Kazi hiyo ni nzuri na sisi tunaiheshimu.

Lakini watu hawakuwekwa katika chungu kimoja. Watumishi wa serikali na jamaa zao wana mpango wao wenyewe, nao hawakatwi cho chote kwa ajili yake. Wafanyi kazi wa makampuni wana mfuko mwingine, chini ya sheria ya mwaka 1990. Wakati wa Korona walikatwa asilimia 5 ya mshahara, mpaka kufikia baht 750 kwa mwezi, ingawa kwa muda fulani kiasi hicho kilipunguzwa. Kwa hiyo mfanyi kazi wa kiwandani alilipa kodi kama wengine wote, kisha akalipa tena mchango. Wenzetu wa vyama vya huko wamelalamika juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Sisi tunaokatwa asilimia 2.75 tangu Oktoba 2024 tunaweza kuwaelewa bila mkalimani.

Ugonjwa ulipoingia, serikali ya Thailand ilifanya jambo moja la haki. Ilisema kwamba Korona ni ugonjwa wa dharura, kwa hiyo hospitali yo yote, hata ya matajiri, impokee mgonjwa na kudai malipo katika mifuko ya taifa, siyo kwa mgonjwa. Mwaka 2020 ulikwisha na waliokufa hawakufika 70 katika nchi nzima. Wengi waliisifu serikali. Sisi tungewasifu zaidi wale watu zaidi ya milioni moja wanaojitolea kwa kazi ya afya vijijini, wengi wao akina mama, waliokwenda mlango kwa mlango kupima homa na kuangalia wageni. Posho yao ilikuwa baht 1,000 kwa mwezi. Mshahara wa chini wa Bangkok wakati huo ulikuwa baht 331 kwa siku, kwa hiyo mama wa namna hiyo alipewa kwa mwezi mzima pesa za kibarua cha siku tatu.

Wakati huo wote serikali ilihubiri kwamba kila mtu ajilinde. Walitumia neno la ndondi, kwamba usishushe mikono ukapigwa usoni. Neno hilo lilikuwa na kichekesho chake. Moja ya milipuko mikubwa ya kwanza ilitoka katika uwanja wa ndondi wa Lumpinee, tarehe 6 Machi 2020, na uwanja huo ni mali ya jeshi. Mapigano yalifanywa ingawa ilikwisha ombwa yasimamishwe. Jenerali mmoja aliondolewa katika cheo chake, na mambo yakaishia hapo.

Julai 2020 askari wa ndege kutoka Misri walifika mji wa Rayong. Raia wa kawaida akirudi kwao alifungiwa siku 14, lakini hao walikuwa wageni wa heshima, kwa hiyo walitembea dukani kama walivyotaka. Mmoja wao alikutwa na ugonjwa. Hoteli za Rayong zikakimbiwa na wateja, na wafanyi kazi wa hoteli wakakaa bila kazi. Waziri Mkuu, Jenerali Prayut Chan-o-cha, alipofika huko, vijana wawili walishika mabango ya kulalamika, nao wakakamatwa. Nchi ilikuwa chini ya amri ya hali ya hatari, tangu Machi 2020 mpaka mwisho wa Septemba 2022. Wazee wetu hawahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo.

Sasa tufike mahali penye swali la ndugu yetu. Desemba 2020 ugonjwa ulizuka katika soko la kamba wa baharini huko Samut Sakhon, ambako kazi ya kumenya kamba na kubeba barafu hufanywa na watu kutoka Myanmar. Soko na vyumba vyao vilizungushiwa seng'enge, na maelfu ya watu wakafungiwa ndani. Waziri Mkuu alisema kwamba ugonjwa umeletwa na watu walioingia nchini bila ruhusa. Raia wengi waliitikia: wameleta wenyewe, kwa nini tuwatibu? Hawakuuliza ni nani aliyewavusha mpaka kwa malipo, wala ni nani aliyewaajiri. Na watu hao hawangeweza kujitetea kwa chama, kwa sababu sheria ya kazi ya Thailand ya mwaka 1975 haimruhusu mgeni kuunda chama cha wafanyi kazi wala kuingia katika kamati yake.

Halafu, Aprili 2021, mlipuko ulitoka upande mwingine kabisa. Huko Bangkok iko mitaa ya anasa iitwayo Thong Lo, yenye vilabu vya usiku ambako meza moja humaliza mshahara wa miezi. Ugonjwa ulianzia hapo ukaenea nchi nzima. Waziri wa Uchukuzi, Bwana Saksayam Chidchob, alikutwa nao siku hizo, ingawa alikana kuwa aliingia klabuni. Mameneja wawili walihukumiwa kifungo cha miezi miwili. Meneja, ndugu, ni mtu wa kuajiriwa.

Hapo hasira ya watu iligeuka. Wengi walisema wale wa vilabu walipe wenyewe gharama ya hospitali mpaka senti ya mwisho, wasiguse kodi ya maskini. Tunakiri kwamba tuliposoma maneno hayo, mioyo yetu iliyapenda. Ni nani asiyetaka kumwona tajiri akiletewa hesabu yake? Lakini tukakaa tukafikiri.

Klabu ina waosha vyombo, walinzi, wahudumu. Hao hawalali Thong Lo. Wanalala katika mitaa ya mabanda kama Khlong Toei, karibu na bandari, mtaa ambao ulijengwa na makuli wa bandari wenyewe. Mwisho wa Aprili ugonjwa ulikuwa umeingia Khlong Toei, watu sita au wanane katika chumba kimoja. Kama ingekuwapo sheria ya kwamba aliyeugua kwa sababu ya klabu alipe, mhudumu aliyembebea tajiri chupa angehesabiwaje? Alikuwako klabuni, ndiyo. Tajiri ana wakili wa kusema kwamba ugonjwa aliupata kwa dereva wake. Mhudumu ana nani?

Na kuna jambo baya zaidi ya hilo. Mtu akijua kwamba ugonjwa utamletea deni, atauficha. Sisi tuliona hapa kwetu mwaka 2020, watu walipowekwa karantini na kudaiwa pesa za kulala, jinsi wengine walivyoogopa karantini kuliko ugonjwa. Huko Bangkok hata hospitali zenyewe zilijificha. Amri ilikuwa kwamba hospitali ikimpima mtu na kumkuta mgonjwa, ni lazima imtafutie kitanda. Vitanda vilipokwisha, hospitali nyingi ziliacha kupima. Julai 2021 watu walilala nje usiku kucha katika uwanja wa hekalu wakingoja kupimwa, na wengine walikufa barabarani. Ghala la mizigo la uwanja wa ndege wa Don Mueang liligeuzwa hospitali ya vitanda 1,800. Kufika mwisho wa mwaka huo waliokufa walipita 21,000.

Wako waliofikiri kwamba kila mtu ajiwekee bima yake mwenyewe. Makampuni yaliuza bima ya Korona kwa baht mia chache tu: ukikutwa na ugonjwa, unalipwa papo hapo. Ilipendwa sana. Ugonjwa ulipoongezeka, kampuni moja ilijaribu kuzifuta bima ilizokwisha kuuza, na serikali ikaizuia. Kati ya mwisho wa 2021 na Aprili 2022 makampuni manne yalinyang'anywa leseni kwa kushindwa kulipa, nao watu wakabaki na karatasi mkononi.

Chanjo pia ilikuwa na ngazi zake. Ya serikali ilitolewa bure, lakini ilichelewa. Mwenye pesa aliweza kuagiza Moderna katika hospitali za kulipa kwa baht 1,650 kila sindano, yaani karibu siku tano za kibarua kwa sindano moja. Hata hao walingoja mpaka Novemba 2021, lakini angalau walikuwa na foleni yao.

Wajenzi walikuwa na foleni ya namna gani? Mwisho wa Juni 2021 mamia ya kambi za wajenzi huko Bangkok na majimbo ya jirani zilifungwa kwa siku 30, askari wakasimama mlangoni. Habari ilijulikana kabla amri haijaanza kazi, kwa hiyo wengi walikimbilia kwao mashambani, na ugonjwa ukasafiri nao. Waliobaki ndani waliahidiwa nusu ya mshahara, kama majina yao yamo katika vitabu vya mfuko. Wale wasio na karatasi hawakuwamo. Hao ndio watu waliokuwa wakijenga majumba marefu na reli za mji ule, na vyumba vya mabati walimolalia havikuchaguliwa nao bali na mwajiri. Basi mtu akiugua katika chumba kama hicho, uzembe ni wa nani?

Tarehe 26 Aprili 2021 Jenerali Prayut alitozwa faini ya baht 6,000 kwa kuketi katika mkutano bila barakoa. Picha iliwekwa na watu wake wenyewe. Tulisikia ndugu wakisema, tazama, sheria haina ubaguzi. Kwa mshahara wa chini wa Bangkok, faini hiyo ni kazi ya siku 18. Kwa Waziri Mkuu sisi hatujui ni kazi ya saa ngapi.

Ndugu yetu, hatusemi kwamba uzembe haupo. Mlevi wa jirani yako tunamjua, na baadhi yetu tumekwisha kaa naye meza moja. Aliyevunja amri ashtakiwe, afisa aliyeacha uwanja wake ufunguliwe aondolewe kazini na mambo yasiishie hapo, mwajiri aliyelaza watu kumi chumba kimoja anyimwe leseni. Hayo yafanywe mahakamani, mbele ya watu, na mshtakiwa apate kujitetea. Lakini yasifanywe na karani wa hospitali dirishani, akimwuliza mgonjwa mwenye homa alikuwa wapi usiku wa Jumamosi. Karani huyo hatamwuliza waziri swali hilo. Atakuuliza wewe, uliyesimama saa kumi na moja alfajiri katika basi lililojaa watu ili uwahi zamu, na utajibu nini?

Kamati imeamua kuuliza rasmi mambo mawili juu ya makato yetu: watumishi wakubwa wa serikali wanatibiwa kwa mpango gani, na kibarua asiye na karatasi za kazi anapokelewaje hospitalini. Barua imekwisha andikwa. Itasomwa katika mkutano ujao wa tawi kabla ya kupelekwa, na ndugu aliyeuliza swali tumemwomba aketi mbele.