Moto ukae uani, joto liingie chumbani

Masika ya mwaka jana binti wa dada yangu alijifungua Kibaha, na siku ya pili akapelekwa Kisarawe kwa bibi yake akatimize arobaini. Mvua ilikuwa haikatiki. Anayekifahamu kile kilima cha kupanda kutoka Pugu anajua kuwa ikinyesha usiku kucha kibaridi chake si cha mchezo, ingawa wenzetu wa Makete watatucheka.

Nilifika saa tatu usiku. Mlango wa chumba cha mzazi umefungwa, dirisha limezibwa kwa khanga, na karibu na kitanda kuna jiko la mkaa limekolea, jekundu, halina hata moshi. Mama mtoto amejilaza, analalamika kichwa na kichefuchefu. Shangazi yake akasema ni uchovu wa uzazi. Nami nikakaa, nikapiga soga. Haikupita nusu saa kichwa changu kikaanza kugonga. Uchovu wa uzazi mimi nimeupata wapi?

Nilitoa jiko uani, nikafungua dirisha na mlango, mama na mtoto tukawahamishia sebuleni. Bibi alikasirika. "Unataka kitukuu changu kife kwa baridi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kichanga kweli hupoteza joto upesi, na wazee waliojaza chumba makaa hawakuwa wajinga. Tatizo ni kwamba mkaa ukiwaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hujishika mahali pa oksijeni, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu husikia kichwa, kizunguzungu na ulegevu, kisha hulala asiamke. Mkaa uliokolea bila moshi ndio tunaouamini, kumbe hewa hiyo unayo tele. Na lile beseni la maji wengine wanaloweka pembeni "linyonye sumu" halisaidii kitu.

Nilimwambia bibi jambo ambalo lilimchekesha kidogo. Huko Ulaya, kwenye baridi ya kugandisha maji, wapo wanaopasha nyumba nzima kwa kuni. Lakini kuni haziwaki chumbani. Zinawaka ndani ya tanuri la chuma, mara nyingi kwenye banda au chumba cha chini, moshi unapanda bomba hadi juu ya paa. Moto unachemsha maji, na maji ndiyo yanayotembea kwenye mabomba kupeleka joto vyumbani.

"Basi si kama mafiga yangu?" akauliza. Ndiyo, bibi, ni kama mafiga yako. Lile sufuria kubwa la maji ya kumkandia mzazi linachemkia uani, chini ya kibanda cha makuti, na kinachoingia ndani ni maji tu. (Hayo maji nayo yapimwe kwa mkono kwanza. Mzazi si wa kuunguzwa tumbo.)

Tukafanya hivyo. Maji ya moto tukatia kwenye chupa ngumu, tukaifunga vizuri, tukaizungushia khanga mbili na kuiweka kitandani kupasha godoro. Mtoto alipolazwa, chupa ikatolewa, maana ngozi ya kichanga huungua upesi. Mtoto akavishwa kofia na soksi, akalazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakafunikwa blanketi huku uso wake ukiwa wazi. Hakuna jiko linaloshinda kifua cha mama. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri pia kuwa kuoga kwa mara ya kwanza kusubiri angalau saa 24, na bibi hilo alilikubali kwa shingo upande.

Asubuhi tuliwapeleka hospitali, ingawa kichwa kilikuwa kimeacha. Nakiri tulichelewa, ilitupasa kwenda usiku uleule. Kwako msomaji: ukikuta watu wamelegea chumba chenye jiko, watoe wote nje kwenye hewa kwanza, kisha hospitali bila kungoja kuche. Na umwambie daktari kwamba kulikuwa na mkaa ndani. Usipomwambia, kichwa na kutapika msimu wa mvua vinaweza kudhaniwa malaria. Mtoto mchanga na mjamzito wasicheleweshwe hata kidogo.

Jiko la gesi nalo si la kuota chumbani, msije mkadhani nimewaruhusu. Nguo za mtoto zisizokauka kwa mvua zipigwe pasi. Kama pasi yenyewe ni ya mkaa, ipigwe barazani.

Jiko la bibi bado lipo. Siku ya tatu lilirudi kazini kupika uji wa mzazi, likiwa nje ukumbini upande usiopigwa na mvua, na bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimfokea yeyote aliyelisogeza karibu na mlango.