Kanda tatu ninazozizimia mpaka kesho

Nipo hapa Shinyanga nakula vumbi kama kawa. Wiki hii mambo ya mapenzi tuyaweke kando kidogo. Dogo mmoja kijiweni kanichokoza, eti nimtajie albamu tatu kali za miaka ya 2000, ambazo nilizisikiliza zote, upande A na upande B. Nikamwambia vuta benchi.

Namba moja, bila ubishi, ni 'Machozi, Jasho na Damu' ya Professor Jay, mwaka 2001. Enzi hizo kaka yangu alikuwa Nyarugusu, kule Geita, anasaga mawe kwenye karasha. Mgodi mkubwa wa Geita ulishaanza kutoa dhahabu mwaka 2000, lakini yeye alikuwa na wachimbaji wadogo, watu wa nyundo na moko. Akanitumia hela ya viatu vya shule. Mimi huyoo, mpaka duka la kanda! Muhula mzima nikaenda shule na viatu vinavyocheka mbele na nyuma.

Krismasi kaka akarudi. "Dogo, viatu viko wapi?" Nikatoa kanda huku nimefumba macho nasubiri kofi. Akaiweka kwenye redio. Ulipofika 'Ndiyo Mzee', ule wa mgombea anayeahidi kila kitu na wananchi wanaitikia tu, jamaa alicheka mpaka akapaliwa. Akarudisha nyuma mara nne, betri zikalegea, tukazianika juani. Januari akaondoka nayo. Kwa hiyo viatu sina, na kanda sina! Huko maduarani jina tu la albamu lilitosha. Masela walijua wanaimbwa wao. (Halafu cheki dunia: Jay naye akaja kuwa mbunge, Mikumi, 2015 mpaka 2020. Sugu alishamtangulia, Mbeya Mjini, 2010.)

Namba mbili, 'Ugali' ya Juma Nature. Hapa ndipo mimi na kaka hatuelewani miaka yote. Yeye anadai hii ndiyo namba moja. Mimi nasema kwa mashairi Nature hamfikii Jay, ila ile sauti ya Temeke, ya mtu kama katoka kulia sasa hivi, hata kama umeshiba unahisi njaa. Tumeshawahi kununiana siku mbili kwa ajili hiyo.

Namba tatu ni 'Binti' ya Lady Jaydee, 2003. Dada kazaliwa Shinyanga, basi. Mwenye wivu ajinyonge.

Kaka alirudi nyumbani moja kwa moja mwaka 2007. Dhahabu hakuja nayo, na masikio aliyaacha kwenye karasha. Ukitaka akusikie, upige kelele kama kondakta stendi. Muziki anausikiliza kwa kiganja: anakiweka juu ya spika, anafumba macho, halafu anasema, "Ongeza."

Jumapili iliyopita nilimpigia 'Ndiyo Mzee' kutoka kwenye simu. Akaweka mkono kwenye spika, kichwa kikaanza kwenda. Ghafla akanyoosha kidole gumba, meno yote nje:

"Nature huyo! Si nilikwambia, dogo? Namba moja!"

Nikamwambia ndiyo, kaka, ni Nature.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi.