Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Jamani, hii tabia ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha itatumaliza. Wiki jana kioo cha abiria wa mbele kilishuka, kikakataa kupanda. Fundi akabonyeza swichi mara mbili, akatoa hukumu: "Mota imekufa. Leta elfu nane." Hakuwa amepima chochote!

Mimi huandika programu. Programu ikikwama siitupi yote. Natafuta mstari wenye kosa. Umeme wa gari nao una njia yake: betri, fyuzi, swichi, waya, mota. Unaikagua hatua kwa hatua mpaka kosa lijitokeze.

Fyuzi niliikuta nzima. Nikafungua kava ya mlango, nikachomoa plagi ya mota, nikaweka mita huku ndugu yangu akibonyeza swichi ya dereva. Ingesoma volti 12 hivi, mota ingekuwa na hatia. Ilisoma sufuri. Basi nikavuta ule mpira ulio kwenye bawaba, pale nyaya zinapojikunja kila mlango ukifunguliwa. Waya mmoja ulikuwa umekatika. Nikauunga kwa lehemu, nikaufunga tepu, kioo kikapanda.

Mtasema fundi naye anatafuta riziki. Kweli, na lawama nyingine ni yetu: pesa za kupima tunabishania, za mota tunalipa bila kelele. Tumlipe kwa kupata kosa, si kwa kuuza kipuri. Akikataa kupima, nunua mita yako.