Nani analipia fagia? Swali la Kibuye kwa mabosi wanaojiita wa kijani

Fungua ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote kubwa na utakutana na picha ileile: bosi ameshika jembe, mche wa mti uko miguuni pake, watoto wa shule wanatabasamu. Siku hizi kila mkurugenzi ni rafiki wa mazingira. Sawa, miti ipandwe. Lakini wewe unayenunua, unayeuza au unayetafuta kazi unahitaji kipimo kingine. Changu ni swali moja tu: bidhaa ikishachakaa, hasara inamwangukia nani?

Tulipeleke swali hilo soko la Kibuye, Jumapili, siku ambayo Kisumu nzima huonekana kama imehamia huko. Unajua mchezo ulivyo. Mchuuzi wa mitumba hununua mzigo wa kilo 45 uliofungwa kwa mikanda, ndani haoni. Analipa kwanza, anafungua baadaye. Wateja wa mapema wanaondoka na "kamera", zile nguo ambazo ukizivaa hakuna atakayeamini ni za mtumba. Kisha zinafuata za bei ya kati. Chini kabisa inabaki "fagia": fulana yenye madoa ya jasho, suruali isiyo na zipu, sweta lililotoboka.

Kilo moja ya fagia ilinunuliwa kwa bei sawa na kilo ya kamera. Aliyeshona nguo hiyo alishapata faida yake. Aliyeivaa London au Berlin aliitoa akahisi amefanya wema. Aliyeifunga na aliyeileta Mombasa wote walishalipwa. Hasara inabaki na yule aliyekata mikanda, na bado anadaiwa ushuru wa soko na kaunti.

Hapo ndipo wenzetu wa Kibuye wanaponishangaza. Bila semina wala cheti, soko lile linafanya kazi ambayo mabosi wanaizungumzia tu. Fundi mwenye cherehani anabadilisha gauni kuwa blauzi. Matambara yanauzwa kwa mafundi wa magari wapanguse oili. Mengine yanajazwa kwenye mito. Lakini kitambaa cha poliesta kilichochoka hakina mnunuzi. Hicho kinachomwa, au kinatupwa, na mvua ikinyesha Kisumu unajua taka huelekea wapi: mtaroni, Mto Auji, kisha ziwani. Tena huu ni mji ulioishi miaka mingi na mlima wa taka wa Kachok karibu na Uwanja wa Moi, ukibishana utahamishiwa wapi.

Ni nguo ngapi tunazungumzia? Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba. Februari 2023, shirika la Changing Markets lilitoa ripoti likidai kwamba zaidi ya nguo milioni 300 za nyuzi za plastiki zinazofika Kenya kila mwaka ni chafu au zimeharibika kiasi cha kutouzika. Chama cha waagizaji wa mitumba kiliikataa ripoti hiyo. Hoja ya wafanyabiashara ina uzito wake: hakuna mtu mwenye akili timamu anayelipia kontena la takataka. Hata hivyo, si lazima tuamue nani ana hesabu sahihi. Hata kama fagia ni kidogo kuliko inavyodaiwa, hiyo kidogo inalipiwa na mtu mwenye mtaji mdogo kuliko wote katika mnyororo huo.

Linganisha na samaki. Viwanda vya hapa Kisumu vimechuna minofu ya mbuta kwa miaka mingi na kuisafirisha Ulaya. Kichwa na mifupa vinaishia Obunga, akina mama wanavikaanga, nasi tunakula mgongo wazi. Kwa hiyo kizuri cha ziwa letu kinaenda Ulaya na mifupa inabaki, halafu nguo nzuri zinavaliwa Ulaya na zilizochoka zinakuja Kibuye. Tofauti ni kwamba mgongo wazi unaliwa. Poliesta hailiwi.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga mitumba marufuku. Hoja hiyo si ya juzi. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na mitumba polepole, Kenya ikajitoa. Rwanda ikaendelea, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko chini ya AGOA. Hapa kwetu, Juni 2022, Raila Odinga alisema mitumba ni nguo za watu waliokufa, na kelele zilizofuata unazikumbuka. Alikuwa akitetea viwanda, na mji uliowahi kuwa na KICOMI unaelewa kwa nini. Waulize wazee wako jinsi kiwanda kile cha nguo kilivyolisha watu. Lakini kufunga Kibuye leo hakutafufua KICOMI kesho. Kutamwacha mchuuzi bila kazi, na wewe bila jaketi.

Njia iliyo na mantiki ni kuifanya pesa ifuate nguo. Ufaransa ina mfumo huo tangu 2007: anayeuza nguo mpya analipa ada ya kushughulikia zitakapochakaa. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ukazitaka nchi zake zote ziwe na mpango kama huo. Tatizo ni kwamba nguo inasafiri hadi Kibuye huku sehemu kubwa ya ada ikibaki kulekule. Wachuuzi wa Kantamanto, Accra, wamelipigia kelele jambo hili pamoja na shirika la Or Foundation. Mwaka 2022 kampuni ya Shein iliahidi kuwapa Or dola milioni 15 kwa miaka mitatu. Wengi walisema ni ya kujisafishia jina, maana Shein hao hao wanamwaga nguo za bei ya kutupa kila siku. Hata mimi nina shaka nao. Lakini tazama kilichotokea: kampuni ilikiri kwa pesa taslimu kwamba nguo yake ikifika sokoni Accra bado ni mzigo wake.

Kenya nayo ina sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema mzalishaji au mwagizaji anawajibika kwa bidhaa yake mpaka mwisho wa maisha yake. Shida huanza pale serikali inapotaka kuutekeleza wajibu huo kwa mfuko wako. Kumbuka ada ya mazingira kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, iliyolenga nepi, simu, betri na matairi. Tuliingia barabarani, mswada ukarudishwa. Hatukuwa tunapinga usafi. Tulijua bei ingepandishwa na bili ingetua kwa mama wa mtoto mchanga.

Basi kiongozi wa biashara ambaye Kibuye ingempa heshima angefanya nini? Mwagizaji mkubwa angeanza kwa kuandika juu ya mzigo ni daraja gani, na kumrudishia mchuuzi pesa yake fagia ikizidi kiwango walichokubaliana. Angechukua fagia hiyo na kuipeleka kwa watu wanaoweza kuitumia. Nairobi, kampuni ya Africa Collect Textiles inakusanya nguo kuukuu na kuzigeuza mazulia na mikoba, kwa hiyo kazi yenyewe inawezekana. Gharama ingeingia kwenye hesabu ya mwagizaji, naye aidai kwa aliyemuuzia Ulaya. Hapo ndipo aliye juu angeanza kufikiri upya anachofunga.

Nawe unayeuza nguo Instagram na TikTok, mlolongo huu unakuhusu. Ukichukua kamera alfajiri, jua kuna mtu amebaki na fagia ili wewe upige picha nzuri. Msilipie mizigo mmoja mmoja. Mkiungana watano au kumi, mna nguvu ya kumwambia muuzaji wa jumla, "Fungua kwanza tuone."

Mwaka 2027 wagombea watarudi Kibuye na vipaza sauti kutuahidi soko la kisasa. Paa tutashukuru. Waulize pia: mzigo ukifunguliwa chini ya paa hilo, fagia italipiwa na nani?