Upepo wa tairi unapimwa nyumbani, si njiani

Kila inapofika Desemba, barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Chalinze, Segera na Korogwe hadi Moshi na Arusha hujaa magari ya familia. Watoto wamebanana kiti cha nyuma, buti limejaa, na mizigo iliyobaki imefungwa kwenye keria. Mwenye gari ameshabadilisha oili, amejaza mafuta na amehakikisha bima haijaisha. Upepo wa matairi ndio unaoachwa uangaliwe huko mbele, kwenye kituo cha mafuta au kijiwe cha fundi pancha, wakati abiria wananyoosha miguu. Utaratibu huu umezoeleka mno hata hauonekani kuwa na tatizo. Tatizo lipo, nalo ni la msingi: tairi lililokwisha kutembea haliwezi kutoa kipimo cha kuaminika. Upepo unapaswa kupimwa nyumbani, asubuhi kabla gari halijatoka getini, na anayepima awe dereva mwenyewe kwa geji yake.

Sababu yenyewe haihitaji mtaalamu. Hewa iliyofungiwa ikipata joto, presha yake hupanda. Ndiyo maana watengenezaji wa magari wanapoandika kiwango cha upepo huwa wanamaanisha tairi lililopoa, yaani gari limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, au limetembea kilomita moja au mbili tu. Chukua gari linalotakiwa kuwa na psi 32. Likienda mwendo wa safari juani, hewa ya ndani ikapanda kutoka nyuzi joto 25 hadi 55, geji itasoma psi 36 au 37. Fundi akiiona namba hiyo atapunguza upepo hadi geji irudi 32, tena kwa nia njema kabisa. Gari litaondoka na namba nzuri, lakini kesho yake asubuhi, matairi yakishapoa, yatakuwa na psi 28 hivi. Hata tairi zima lisilo na pancha hupoteza psi 1 hadi 2 kwa mwezi kwa hewa kupenya polepole kwenye mpira. Kwa hiyo, mwezi mmoja baadaye familia hiyo inasafiria psi 26 au 27, na hakuna anayeweza kuitwa mzembe. Kosa lilitokana na wakati wa kupima.

Upungufu wa psi tano au sita si jambo dogo. Kinachobeba uzito wa gari ni hewa, mpira huizuia tu isitoke. Hewa ikipungua, kuta za tairi hulegea, zikawa zinajikunja kila zinapokutana na lami na kunyooka zinapoiacha. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, tairi la kawaida la gari dogo huzunguka takriban mara 14 kila sekunde. Mtu akikunja na kukunjua waya mahali palepale, utapata moto kabla haujakatika. Ndivyo inavyokuwa kwa nyuzi za chuma na tabaka za mpira ndani ya tairi, mpaka tabaka hizo zinaanza kuachana. Dereva hasikii dalili yoyote. Mara nyingi anachosikia kwanza ni kishindo, na papo hapo usukani unamvuta upande mmoja.

Marekani ililipa gharama kubwa kujifunza hili. Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyaondoa barabarani matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya tabaka la juu kubanduka katika mwendo na magari kupinduka. Mamlaka za usalama barabarani za nchi hiyo ziliyahusisha matairi hayo na vifo vya watu zaidi ya 200. Kampuni hizo mbili zilitupiana lawama: moja ikilaumu utengenezaji wa tairi, nyingine ikilaumu muundo wa gari. Lakini suala la upepo halikuondoka mezani. Ford ilikuwa imeelekeza psi 26, na Firestone ikashauri ziwe 30. Ajali nyingi zilitokea majimbo ya joto kama Texas, Florida na Arizona. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyozaa sharti la magari madogo mapya kuwekewa kifaa cha kumtahadharisha dereva upepo unapopungua. Joto, mzigo, mwendo kasi na upepo pungufu vilipokutana, tairi lenye udhaifu lilishindwa kuvumilia. Mambo hayo manne yanakutana pia kwenye safari zetu za mwisho wa mwaka.

Kwa ushahidi huo, imani moja iliyoenea miongoni mwa madereva haina budi kuachwa. Wengi husema safari ndefu ya juani inataka upepo upunguzwe, ili tairi lipate nafasi ya kutanuka lisije likapasuka. Wazo hili lina mantiki kwa mbali, kwa kuwa presha hupanda kweli. Lakini wahandisi waliopanga kiwango cha tairi lililopoa walishahesabu ongezeko hilo. Anayepunguza upepo anaongeza mkunjo, mkunjo unaongeza joto, na joto ndilo linaloua tairi. Wapo wanaokwenda upande wa pili wakajaza kupita kiasi ili gari liwe jepesi na lile mafuta kidogo. Tairi la namna hiyo huwa gumu, hulika katikati, hupunguza mshiko wa breki na huumia kirahisi likiingia kwenye shimo. Kinachotakiwa ni kiwango chenyewe, bila kuongeza wala kupunguza kwa kukisia.

Kiwango hicho kimeandikwa kwenye stika iliyobandikwa ubavuni, mahali mlango wa dereva unapofungia. Hapa kuna mtego kwa magari mengi ya Afrika Mashariki, kwa kuwa yameletwa yakiwa yametumika Japani. Stika imeandikwa Kijapani na vipimo viko kwa kPa, wakati geji nyingi za mitaani zinasomwa kwa psi. Njia rahisi ni kugawanya kwa saba: kPa 230 ni psi 33 hivi. Wengine huikwepa stika na kusoma ubavu wa tairi, wakaona 44 au 51 na kujaza hivyo. Namba hiyo ni ukomo wa tairi lenyewe, haikuandikwa kwa ajili ya gari lako. Baadhi ya stika zina safu mbili, ya gari lenye watu wachache na ya gari lililojaa watu na mizigo. Wa safari ya Desemba afuate ya pili.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Fungua kifuniko cha valvu, kandamiza geji ikae wima hadi mlio wa hewa ukatike, kisha soma. Mlio ukiendelea, geji haijakaa sawasawa na namba itakuwa ya uongo. Pungufu lijazwe kwa pampu ya mguu au kompresa ndogo inayochomekwa kwenye soketi ya kuwashia sigara, halafu pima tena na urudishe kifuniko, kwani ndicho kinachozuia vumbi lisiharibu valvu. Usisahau spea tairi: ile nyembamba ya dharura kwa kawaida hutaka psi 60, nyingi kuliko matairi mengine, na haitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Jambo moja tu lisifanyiwe nyumbani: tairi lililotembezwa likiwa halina upepo kabisa lisijazwe kabla fundi hajalivua na kulikagua kwa ndani. Matairi ya malori na mabasi, yenye presha kubwa mara kadhaa, nayo yaachiwe wenye vifaa.

Zipo hoja za kupinga, nazo zinastahili majibu. Ya kwanza ni kwamba kazi hii ni ya fundi pancha. Fundi anajua kazi yake, lakini hawezi kulipoza tairi lililomfikia likiwa la moto, na geji yake iliyoanguka mara nyingi kwenye saruji huenda haisemi kweli. Ya pili ni gharama. Geji ya kawaida haifikii hata chembe ya bei ya tairi jipya, na hata ikikosea kwa psi moja bado inalishinda jicho, kwa sababu tairi la radial hubonyea kidogo chini hata likiwa na upepo kamili. Ya tatu ni kwamba magari ya kisasa yana taa ya tahadhari. Chini ya sharti la Marekani, taa hiyo inaweza kungoja hadi upepo upungue kwa robo, yaani psi 32 ziwe 24. Aliyeketi akisubiri taa ameshaendesha muda mrefu kwenye eneo la hatari.

Hoja nzito zaidi ni ya nne: ajali zetu zinatokana na mwendo kasi, kupita magari mengine kwa pupa, uchovu na matairi yaliyochakaa, kwa nini tuhangaike na upepo? Ni kweli upepo sahihi hauliokoi tairi kipara wala haumzuii dereva mpumbavu. Lakini mwendo kasi wa mwenzako huna mamlaka nao, na barabara huwezi kuitengeneza kabla ya safari. Upepo uko mikononi mwako kwa asilimia mia, na unaamua kama kosa la ghafla litaishia kwenye breki au mtaroni.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa mwenye gari, lakini asiachwe peke yake. Yadi zinazouza magari zibandike tafsiri ya stika kwa Kiswahili na kwa psi kabla ya kumkabidhi mteja ufunguo. Ukaguzi wa askari wa usalama barabarani ni mzuri, ila stika ya ukaguzi hudumu kwenye kioo muda mrefu kuliko upepo unavyodumu kwenye tairi. Vyuo vya udereva vifundishe kupima upepo kwa vitendo, na mtahini asimpitishe mwombaji wa leseni ambaye hawezi kusoma geji na kusema kiwango cha gari analotahiniwa nalo. Anayeaminiwa kubeba roho za watu kwa kilomita 100 kwa saa anapaswa kujua kinachozibeba.