Kobe wa Changuu na Jirani wa Ng'ambo

Wako watu katika Mbinga watakaouliza: kobe wa Unguja watuhusu nini sisi wakulima wa kahawa na wavuvi wa Nyasa? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu.

Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Shelisheli aliipa Unguja zawadi ya kobe wakubwa wanne, ambao asili yao ni visiwa vya Aldabra. Wakawekwa Changuu, wakazaana, hata mwaka 1955 wakafika 200 hivi. Baadaye wezi wakawavamia wapate kuwauza ng'ambo, na mwaka 1996 walisalia 7 tu. Serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na chama cha kimataifa cha kulinda wanyama, ikawajengea boma. Mwaka huohuo vitoto 80 vilipelekwa kisiwani vipate ulinzi. 40 kati yao vikatoweka.

Funzo li wazi. Ukuta peke yake haumzuii mwizi aliye na mnunuzi. Bei ya kobe wa Changuu haiko Changuu, iko ng'ambo. Mlinzi wa kisiwa akikesha, na bandari ya pili ikafumba macho, kazi yake ni bure.

Wamatengo wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwenye shamba la juu asipochimba ngoro, maji hushuka yakachukua udongo wa jirani wa chini, hata kama huyu wa chini amechimba zake vizuri. Mlima ni mmoja.

Bahari nayo ni moja, na Ziwa Nyasa ni moja, lenye samaki wengi wasiopatikana penginepo duniani. Wavu wa matundu madogo ukikatazwa Mbamba Bay ukaruhusiwa ng'ambo, haukukatazwa. Tanzania, Malawi, Msumbiji na Shelisheli zote zimo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo ina itifaki ya wanyamapori ya mwaka 1999 na ya uvuvi ya mwaka 2001.

Lakini karatasi haikamati mwizi. Akamataye ni mtu: mpagazi wa bandarini akataaye kubeba sanduku lenye pumzi, karani wa forodha asiyepokea bahasha, mvuvi amwambiaye mwenziwe ukweli. Serikali na zipashane habari. Wafanyakazi nasi tusiwe mikono ya wezi. Aibu ya kobe 7 isirudi tena, wala isihamie ziwani kwetu.